Namna ya Kupima Kipande cha Barabara Kuu Kabla ya Kuomba Kikomo cha Mwendo Kiongezwe

Tangu upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit ulipozinduliwa Novemba 2025, swali moja limekuwa likirejea katika vikao vya madereva hapa Nakuru, Kenya: barabara ikishapanuliwa, je, vikomo vya mwendo navyo havistahili kuongezwa? Upande mmoja hujibu kwamba mwendo wa kasi unaua na hapana la kujadiliwa zaidi. Upande wa pili hujibu kwamba anayeua ni dereva asiyefunzwa, kwa hiyo serikali iboreshe mafunzo na kuwaachia watu barabara. Nimefundisha udereva mjini Nakuru kwa miaka kumi na minne, na kabla ya hapo nilibeba mizigo kati ya Nakuru na Busia, na kwa maoni yangu kila upande umeshika nusu ya jambo. Wote huzungumza kana kwamba barabara kuu ni moja tangu Nairobi hadi Malaba, ilhali dereva yeyote anajua kwamba kutoka Ngata hadi Salgaa, na kutoka Salgaa hadi Mau Summit, ni barabara mbili zenye tabia tofauti kabisa, hata kama ramani inazipa jina moja.

Mwongozo huu umekusudiwa mwanachama wa sacco, mkazi wa soko la kando ya barabara, au dereva wa kawaida anayetaka kutoa maoni yenye uzito kuhusu kikomo cha mwendo mahali anapopajua. Utahitaji daftari, simu yenye saa ya sekunde, utepe mrefu wa kupimia, mwenzako wa kukusaidia, na siku tatu au nne ambazo si lazima zifuatane.

Fahamu kwanza unaomba nini

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inaweka kilomita 50 kwa saa ndani ya mipaka ya miji na vituo vya biashara. Nje ya hapo, gari dogo la binafsi linaruhusiwa kilomita 100 kwenye barabara ambayo magari yanayopishana hayajatenganishwa, na 110 kwenye barabara iliyotenganishwa katikati. Magari ya uchukuzi wa umma na malori makubwa hubaki kwenye 80, na hicho ndicho kiini cha vidhibiti mwendo vilivyoletwa na kanuni za mwaka 2003, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 John Michuki alipokuwa Waziri wa Uchukuzi, ambazo wengi wetu bado tunaziita sheria za Michuki. Kanuni za makosa madogo za mwaka 2016 nazo zinapanga faini kwa ngazi: anayezidisha kilomita 1 hadi 5 huonywa, 6 hadi 10 hulipa shilingi 500, 11 hadi 15 shilingi 3,000, na 16 hadi 20 shilingi 10,000.

Ukisikiliza malalamiko ya madereva kwa makini utagundua kwamba wanaosema “kikomo kiongezwe” wanaomba mambo matatu tofauti. Mwenye gari la binafsi anataka mia moja yake iwe mia na kumi au mia na ishirini. Dereva wa matatu anataka themanini yake iwe mia, kwa sababu siku yake huhesabiwa kwa idadi ya mizunguko. Wote wawili wanaudhika na hamsini ya vituo vya biashara, hasa pale kibao kinapowekwa mbali na maduka na trafiki wakasimama chini ya mti kati ya kibao na duka la kwanza. Ombi hili la tatu ndilo ninaloliona kuwa na haki zaidi, lakini pia ndilo linaloandikwa vibaya zaidi, maana mara nyingi kinachotakiwa ni kibao kihamishwe mita mia tatu ili dereva akione na kukiamini, na namba ibaki vilevile. Amua ombi lako ni lipi kati ya hayo kabla hujatoka nyumbani na daftari.

Gawa barabara kwa tabia yake

Usichague kipande kwa kufuata mipaka ya kaunti au umbali kati ya mji na mji. Anza pale tabia ya barabara inapobadilika na uishie pale inapobadilika tena: mteremko unapoanza, lami inapopanuka au kufinyika, mashamba yanapoisha na maduka kuanza. Kisumu hadi Ahero, kwa mfano, barabara imenyooka na ardhi ni tambarare, na mgeni aliye ndani ya gari zuri atakuapia kwamba hapa mia na ishirini ni halali. Mwenyeji anajua kwamba kwenye lami hiyo hiyo wapo waendesha baiskeli, boda boda zinazovuka bila kusubiri, ng’ombe wanaorudi jioni, na watu wanaoshuka matatu upande mmoja na kukaa upande wa pili. Kwenye ukanda wa miwa wa Chemelil na Muhoroni yapo matrekta yanayokokota mizigo usiku, mengine bila taa za nyuma. Barabara ya Kisumu kwenda Busia, kupitia Maseno, Luanda na Yala, haikupi nafasi ndefu kabla ya kukutana na steji nyingine.

Kipande ulichokichagua kitembelee kwa miguu, si kwa gari. Andika kila njia inayoingilia barabara, kila steji, kila shule, kila mahali ambapo nyasi zimekanyagwa na watu wanaovuka. Angalia kama pembezoni mwa lami pana nafasi ya mtu kutembea, au kama lami inaishia kwenye mtaro. Rudi siku ya soko, kisha rudi saa moja na nusu jioni, kwa sababu kipande kilicho kitupu Jumanne asubuhi chaweza kuwa na watu mia tatu Alhamisi. Miaka ya karibuni nchi yetu imepoteza zaidi ya watu 4,000 kila mwaka barabarani, na kundi kubwa zaidi miongoni mwao ni wale waliokuwa wakitembea kwa miguu. Dereva anayeomba kikomo kiongezwe na hajahesabu watembeaji hajachunguza kitu.

Usisahau mwisho wa kipande. Tarehe 8 Agosti 2025 basi lililowabeba waombolezaji kutoka Nyahera kwenda Nyakach lilianguka kwenye mzunguko wa Coptic pale Kisumu, na zaidi ya watu 20 wakafariki. Kila ninapopita hapo huwaonyesha wanafunzi wangu kwamba barabara inayokukaribisha kukimbia lazima ianze kukupunguza mapema kabla ya mzunguko, kituo au kona. Katika maombi ya kuongeza mwendo ambayo watu wameniletea niyasome, karibu yote yalieleza mwanzo wa kipande vizuri na kunyamaza kuhusu mwisho wake.

Pima mwendo ulivyo sasa

Tafuta sehemu iliyonyooka, ukae nje kabisa ya bega la barabara, na upime mita 200 kati ya alama mbili zinazoonekana vizuri, kama nguzo ya umeme na mti. Mwenzako akae kwenye alama ya kwanza na ainue mkono pale tairi la mbele la gari linapoipita. Wewe uanze saa, kisha uisimamishe tairi hilo linapofika kwako. Gawa 720 kwa idadi ya sekunde nawe utapata kilomita kwa saa. Gari lililotumia sekunde 14.4 lilikuwa kwenye 50, la sekunde 9 lilikuwa kwenye 80, na la sekunde 7.2 lilikuwa kwenye 100. Watu wengine hupima mita 50 tu kwa kuona uvivu wa kutembea, lakini kwa umbali mfupi namna hiyo kuchelewa kidogo kwa kidole chako kunaharibu hesabu yote.

Pima magari mia moja yasiyofuatana karibu, kwa kuwa gari lililo nyuma ya lori halijajichagulia mwendo wake. Mara ya kwanza nilipofanya kazi hii nilivaa koti la kuakisi mwanga, na kila dereva akakanyaga breki akidhani mimi ni trafiki. Siku hizi hukaa chini ya kivuli mbali na lami, nikiwa nimewaarifu mapema chifu na kituo cha polisi, ili mtu yeyote asishangae kuona watu wawili wanaandika habari za magari ya wenyewe.

Ukimaliza, panga namba zako kuanzia ndogo hadi kubwa, kisha tazama iliyo ya themanini na tano. Wahandisi wa barabara katika nchi nyingi huanzia hapo: mwendo ambao magari 85 kati ya 100 hayauzidi huchukuliwa kuwa ndio mwendo ambao barabara yenyewe inawaambia madereva. Iwapo kikomo ni 100 na namba yako ya themanini na tano ni 92, hakuna anayezuiwa na kikomo hicho na ombi lako halina msingi. Iwapo kikomo ni 50 na namba ni 78, basi ama kibao kimekaa pasipostahili, ama barabara imejengwa pana kiasi cha kumdanganya dereva apite kituo cha watu kana kwamba ni porini. Daftari lako la watembeaji ndilo litakalokuambia ni lipi kati ya hayo mawili, na kama watu wapo, dawa ni matuta, kivuko na kufinya njia.

Hapa ndipo mambo ya mwendo na mafunzo yanapoungana, na ningependa msomaji atulie kidogo. Kanuni ya namba ya themanini na tano inaamini kwamba madereva wengi hujichagulia mwendo wa busara. Imani hiyo ina maana mahali ambapo madereva walifundishwa kuona hatari kabla haijawafikia. Mahali ambapo wengi walijifunza kwa kubahatisha, kukubaliana kwao juu ya mwendo fulani hakuthibitishi usalama wake. Wanaweza wote kuwa wamekosea pamoja.

Fanya hesabu ya kusimama na ya kupita

Dereva aliye macho huchukua sekunde moja na nusu hivi tangu aone hatari hadi mguu ufanye kazi kwenye breki. Kwa tairi nzuri na lami kavu, gari dogo lililo kwenye kilomita 50 litasimama baada ya mita 35 hivi, lililo kwenye 80 baada ya mita 69, lililo kwenye 100 baada ya mita 97, na lililo kwenye 110 baada ya mita 113. Mvua ikinyesha sehemu ya breki hukaribia kuongezeka maradufu, na ile ya 100 yaweza kupita mita 150. Namba hizi huwagusa watu wachache ninapoziandika ubaoni, kwa hiyo huziweka kwa namna nyingine. Chukua magari mawili yaliyo sambamba, moja kwenye 80 na jingine kwenye 110, na mtoto akatokea mbele yao. Pale gari la kwanza linaposimama kabisa, la pili bado linakwenda karibu kilomita 90 kwa saa.

Shirika la Afya Duniani hutumia kipimo kwamba wastani wa mwendo ukiongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali yenye kifo huongezeka kwa asilimia 4, na kwamba mtu anayetembea akigongwa kwenye kilomita 65 uwezekano wa kufa ni mara nne na nusu ya kugongwa kwenye 50. Linganisha hayo na faida. Kipande cha kilomita 20 kikipitwa kwa 100 huchukua dakika 12. Kwa 120 huchukua dakika 10. Ukishajua kwamba unaomba dakika mbili, ziandike hivyo hivyo kwenye maoni yako, bila kuzipamba.

Hata hivyo, wanaotaka mwendo uongezwe wana hoja moja ya kweli ambayo haipaswi kudharauliwa, nayo ni hoja ya kupita. Gari dogo lililo kwenye 100 likitaka kupita trela la mita 18 linalokwenda 80, lazima lipate mita 60 hivi zaidi ya trela, ukijumlisha nafasi ya nyuma na ya mbele. Tofauti ya kilomita 20 kwa saa hulifanya lichukue sekunde 11 hivi upande usio wake. Katika sekunde hizo linasafiri mita 300, na gari linalokuja kwa 100 nalo linasafiri mita 300, kwa hiyo dereva anahitaji kuona mita 600 zilizo tupu. Kwa 110 muda huo hushuka hadi chini ya sekunde 8. Ni kweli basi kwamba kikomo cha juu kidogo kinafupisha hatari ya kupita, lakini ni kweli pia kwamba sehemu nyingi kati ya Nakuru na Kericho hazikupi mita 600 za kuona. Pima umbali wa kuona kwa kutembea hadi pale mwenzako anapotoweka nyuma ya kona au kilima. Ukipata mita 350 tu, hapafai kupita kwa mwendo wowote wa halali, na ombi linalofaa ni njia ya ziada ya kupandia mlima, inayolitoa lori mbele yako bila kukulazimisha uende upande wa wengine.

Milima na miteremko

Katika sehemu zetu hiki ndicho kifungu kinachobeba maiti nyingi, na hakina maelezo mafupi. Kutoka Mau Summit, ulio zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, barabara inaporomoka upande wa Nakuru kupitia Sachangwan na Salgaa, na upande mwingine inaelekea Londiani, Kericho na hatimaye nyanda za chini za Kisumu. Tarehe 30 Juni 2023, pale Londiani Junction, lori lililoshindwa kudhibitiwa liliwavamia wachuuzi, abiria na magari yaliyokuwa kando ya barabara, na zaidi ya watu 50 wakafa. Tarehe 10 Oktoba 2018 basi lililokuwa likielekea magharibi lilianguka kwenye mteremko karibu na Fort Ternan, na hapo pia walikufa zaidi ya watu 50. Mwisho wa mwaka 2017, alfajiri ya tarehe 31 Desemba, basi na lori viligongana Migaa, karibu na Salgaa, na zaidi ya watu 30 wakafa.

Lori la tani 30 linaposhuka mita 100 za kimo linabeba nishati ambayo lazima iende mahali fulani, na kama dereva anategemea breki za magurudumu peke yake, nishati hiyo yote inageuka joto ndani ya ngoma za breki. Joto hilo lingetosha kuchemsha lita zaidi ya 80 za maji, na hapo tumezungumzia mita 100 tu. Breki zikipata moto hushika kidogo kidogo, kisha hazishiki, na dereva anayekanyaga kwa nguvu zaidi anaongeza joto. Injini ndiyo inayopaswa kulishikilia gari, na gia ichaguliwe juu ya kilima, kabla ya mteremko, maana ukishashika kasi gia ya chini haiingii tena. Yule anayeweka nyutro ili kuokoa mafuta anaitupa breki pekee isiyochoka. Nililiona jambo hili mara nyingi nikiwa utingo, kabla sijapata leseni, na nilidhani ni ujuzi wa madereva wazoefu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniambia vinginevyo.

Kwa hiyo unapochunguza kipande chenye mteremko, usiulize kikomo cha gari dogo tu. Uliza lori linapaswa kuingia kwenye mteremko kwa gia gani na kwa mwendo gani, kama kuna kibao kinachosema hivyo kwa Kiswahili na kwa picha, kama kuna mahali pa kusimama juu ili breki zikaguliwe, na kama chini ya mteremko kuna soko. Pakiwa na soko chini, andika kwa herufi kubwa kwamba hapo kikomo hakifai kuongezwa hadi soko litenganishwe na barabara.

Ombi la mafunzo liandikwe kwa vipimo

Maneno “mafunzo ya udereva yaboreshwe” yameandikwa mara nyingi mno na hayamlazimishi mtu kufanya lolote. Mimi mwenyewe nilihitimu baada ya kuzunguka mtaa mmoja wenye lami, kusogeza magari ya kuchezea kwenye ubao wa mji wa mfano, na kujibu maswali ya alama. Nilipewa leseni bila kuwahi kuendesha usiku, bila kuwahi kuendesha kwenye mvua, na bila kufika barabara kuu. Shule iliyonifunza haikuvunja ahadi yoyote, kwa kuwa haikuwa imeahidi hayo, na wanafunzi wanaonijia leo wakitaka kurudia masomo hunisimulia mambo yale yale.

Watu hupenda kuitaja Ujerumani, ambako sehemu za Autobahn hazina kikomo na mwendo unaopendekezwa ni kilomita 130. Anayeitaja Ujerumani aitaje yote. Mwanafunzi wa gari dogo huko hapewi leseni kwa ubao: pamoja na masomo ya kawaida, sheria inamtaka afanye safari maalumu zisizopungua 12, tano kwenye barabara za nje ya mji, nne kwenye Autobahn na tatu gizani, kisha anakaa miaka miwili ya majaribio. Na barabara yenyewe haina steji, haina kivuko cha miguu, haina boda boda. Marekani nayo ilishusha kikomo hadi maili 55 kwa saa mwaka 1974, takriban kilomita 88, ikaruhusu maili 65 kwenye barabara kuu za mashambani mwaka 1987, na kuziachia majimbo uamuzi wote mwaka 1995. Waliruhusu kwanza pale barabara ilipokuwa imetenganishwa na isiyoingiliwa ovyo, na utaratibu huo wa kwenda kipande kwa kipande ndio wa kuigwa.

Ombi lako basi liseme, kwa mfano, kwamba mtahiniwa wa gari dogo awe amefanya saa zisizopungua nne kwenye barabara kuu, mbili usiku, na safari moja ya kushuka mteremko mrefu kwa gia, zikiwa zimeandikwa kwenye kitabu chake na kutiwa saini na mkufunzi. Dereva wa lori na wa basi apimwe kwenye mteremko halisi akiwa na mzigo. Walio na leseni tayari, hasa wa uchukuzi wa umma, wapangiwe siku ya kurudia masomo wanapohuisha leseni. Mafunzo kwa waendesha boda boda yahusishe kuvuka barabara kuu, kwa sababu hapo ndipo ninapowaona wakiponea chupuchupu.

Jihadhari na mafunzo yanayouza ujasiri. Norwe iliwahi kuwalazimisha madereva wapya wajifunze kudhibiti gari linaloteleza, na ajali za vijana wa kiume kwenye barabara telezi zikaongezeka, kwa kuwa walitoka darasani wakijiamini kuliko uwezo wao. Somo ninalolithamini kuliko yote ni la kuhesabu: gari la mbele likipita nguzo, hesabu “elfu moja na moja, elfu moja na mbili”, na kama umefika kwenye nguzo kabla ya kumaliza uko karibu mno. Mvua ikinyesha, hesabu hadi nne. Kwenye ukungu wa Timboroa au Mau Summit, ikiwa huoni nguzo yenyewe, mwendo wako umeshazidi hata kama kibao kinakuruhusu.

Kuandika na kuwasilisha

Barabara kuu za kitaifa ziko chini ya KeNHA, yaani Mamlaka ya Barabara Kuu za Kitaifa, na alama za barabarani huombwa huko. Mafunzo, majaribio na leseni viko chini ya NTSA, yaani Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama. Kubadilisha kikomo cha jumla kunahitaji kanuni au sheria mpya, na Katiba, katika Kifungu cha 10, inautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya kitaifa. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba jambo hili ni la wataalamu peke yao.

Kabla ya kuandika, omba takwimu za ajali za kipande chako kwa miaka mitano chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, ambayo inampa afisa wa umma siku 21 za kujibu. Taja barabara, mahali kipande kinapoanzia na kinapoishia, na aina ya ajali unazouliza. Maoni yenyewe yasizidi kurasa tatu. Ukurasa wa kwanza ueleze kipande na ombi. Wa pili uwe na mwendo uliopimwa, idadi ya watembeaji na umbali wa kuona, kila kimoja na tarehe na saa yake. Wa tatu ueleze masharti. Kwa kipande kilichotenganishwa, kisicho na steji, mtu aweza kuandika hivi: “Tunaomba kikomo cha magari madogo kati ya alama hii na alama ile kiwe 120 badala ya 110, kwa masharti kwamba uzio wa watembeaji ukamilishwe kwanza, kikomo kishuke kwa ngazi katika mita 500 za mwisho, na malori na mabasi yabaki 80 hadi majaribio ya mteremko yaanze.” Aya kama hiyo humpa afisa kitu cha kukubali au kukataa kwa sababu.

Peleka nakala mbili na uhakikishe yako imegongwa muhuri na kuandikwa tarehe. Vipimo vya asili vibaki kwenye daftari, pamoja na picha ya alama zako mbili, kwa sababu kikomo kikibadilishwa utalazimika kurudi baada ya miezi mitatu, siku ile ile ya juma na saa ile ile, ukae chini ya mti ule ule, na kupima magari mengine mia moja. Ikiwa namba ya themanini na tano imepanda zaidi ya kikomo kipya, mpeleke mwenzako na barua ya pili kwenye ofisi ile ile, ukiomba kikomo cha awali kirudishwe.